Haki ya Fundi Kuiamini Kazi Yake

Injini ya Lycoming O-320, yenye silinda nne na ujazo wa takriban lita 5.2, ikizunguka mara 2,700 kwa dakika huvuta karibu lita 7,000 za hewa kila dakika. Hewa yote hiyo hupita njia moja: inaingia kwenye mdomo ulio mbele ya boneti, inachujwa, inapinda kwenye elbo, inafika kwenye kabureta, ndipo inagawiwa silinda. Njia hiyo ikibanwa, rubani atakuwa na tangi lenye mafuta, plagi zinazotoa cheche na pistoni zisizo na hitilafu yoyote, na bado ndege itashuka. Lakini kwa mtu anayejenga ndege yake gereji, hii ndiyo sehemu inayoalika mkono. Haizunguki, haibebi uzito wa bawa, haishikilii usukani. Ni bomba lililopinda tu. Kitambaa cha faiba, kopo la rezini, kalibu ya povu gumu na siku chache za mapumziko zinatosha, na kinachotoka kina wepesi na mng'ao ambao bati la dukani halina. Ugumu wa kazi hii hauko mikononi hata kidogo. Uko katika swali ambalo wanafalsafa na wanazuoni wa dini wameligombania kwa karne nyingi bila kuwa na ndege akilini: mtu ana haki gani ya kuamini kwamba alichokitengeneza ni kizima, na haki hiyo anaipata wapi?

Sheria yenyewe haimzuii. Nchini Marekani, ambako wajenzi wa ndege za nyumbani walipata chama chao mwaka 1953 pale Paul Poberezny na wenzake walipoanzisha EAA huko Milwaukee, mtu anaruhusiwa kurusha ndege aliyoijenga mwenyewe ilimradi sehemu kubwa ya kazi imefanywa na watu walioifanya kwa ajili ya kujifunza au kujiburudisha. Serikali haimdai hesabu za kila elbo. Inadai mambo mengine: ndege iandikwe waziwazi kuwa ni ya majaribio, ndani yake libandikwe tangazo la kumjulisha abiria kwamba ilijengwa na mjenzi wa ridhaa na haifuati kanuni za usalama za ndege za kawaida, na saa zake za mwanzo, kwa kawaida 25 au 40, zirushwe bila abiria na mbali na makazi ya watu. Nyuma ya mpango huu unamsikia John Stuart Mill. Katika kitabu chake cha mwaka 1859 kuhusu uhuru, alitoa mfano wa mtu anayetaka kuvuka daraja lisiloaminika: una haki ya kumzuia ikiwa hana habari na hakuna muda wa kumweleza, lakini akishaelezwa, na akajua hatari ilivyo, uamuzi ni wake. Tangazo lile ndani ya ndege linafanya kazi hiyohiyo. Ila lina pengo ambalo mfano wa daraja hauna. Linadhani kuna mtu, walau yule mjenzi, anayejua daraja limeoza wapi. Abiria anaonywa kuhusu hatari ambayo mwenye kumwonya hajaipima, na mtu hawezi kuridhia kitu ambacho hakuna aliyekifahamu. Sheria imempa fundi ruhusa ya kuthubutu. Haikumpa ruhusa ya kuamini, na haya ni mambo mawili.

Tazama jinsi kazi inavyofanyika. Fundi anachonga povu hadi lipate umbo la ndani ya elbo, analifunga kwa utepe wa plastiki ili rezini isilishike, kisha anaweka kikombe juu ya mizani na kupima rezini na dawa yake ya kugandisha. Anakoroga kwa kijiti akikwangua kuta na kitako cha kikombe, kwa sababu kwenye kona za chini ndiko rezini isiyochanganyika hujificha. Analaza kitambaa na kukilowesha kwa brashi, akipigapiga kwa ncha badala ya kupaka, hadi weupe wa nyuzi upotee. Kitambaa cha nyuzi za kioo kikilowa sawasawa huwa angavu, na kiputo cha hewa kikibaki huonekana kama doa jeupe, jepesi kutobolewa wakati rezini bado ni maji. Hapo ndipo jicho linapopata nafasi yake, na baada ya hapo halipati nyingine. Nyuzi za kaboni hazitoi hata nafasi hiyo. Ni nyeusi kabla ya rezini na nyeusi baada yake. Rezini ikishaganda, povu huyeyushwa kwa asetoni au kukwanguliwa, kingo hupigwa msasa, na fundi mwenye uzoefu huchukua sarafu na kugonga elbo taratibu kote. Tabaka zilizoshikana hutoa mlio mkavu. Zilipoachana, mlio unakuwa butu, kama unaotoka nyuma ya plasta iliyobanduka. Kwa jambo moja, sarafu ni shahidi mzuri. Haisemi lolote kuhusu dawa ya kugandisha iliyopimwa vibaya kidogo, na haisemi lolote kuhusu jambo zito kuliko yote mahali pale, yaani joto ambalo rezini hiyo, ikifikishwa, itaanza kulegea. Epoksi nyingi zikiachwa zigande kwa joto la chumbani hulegea mapema. Zikipashwa baadaye kwa saa kadhaa, kiwango hicho hupanda. Elbo iliyopashwa na ambayo haikupashwa huweza kuwa na rangi moja, uzito mmoja na ugumu uleule mkononi. Tofauti baina yazo ipo, inaweza kuua, na haionekani.

Machi 2025 tofauti ya aina hiyo ilijionyesha huko Uingereza. Ndege ndogo ya aina ya Cozy Mk IV, ambayo hujengwa na watu binafsi kwa kufuata michoro na injini yake hukaa nyuma, ilikuwa inakaribia kutua Gloucestershire Airport injini ilipopoteza nguvu. Ilifika chini kabla ya njia ya kurukia na kugonga mitambo ya kuongozea ndege zinazotua. Rubani aliokoka na majeraha madogo. Wachunguzi wa ajali wa AAIB walipoikagua injini walikuta elbo ya hewa imelainika na kubonyea. Haikuwa ya faiba. Ilikuwa imechapishwa kwa printa ya 3D na ilinunuliwa kwenye maonyesho ya ndege Marekani, na mwenye ndege alielewa kwamba ni plastiki ya ABS iliyotiwa nyuzi za kaboni, ambayo hulegea kwenye sentigredi 105. Michoro ya Cozy yenyewe inaonyesha elbo ya faiba na epoksi inayolegea kwenye sentigredi 84, pamoja na kipande cha bomba jembamba la alumini ndani ya mdomo wake, kishikilie umbo hata joto likipanda. Mtu yeyote anayelinganisha 105 na 84 angeona amepata kitu bora kuliko cha michoro. Maabara ilipovipima vipande vya elbo ile, vilianza kulegea kwenye sentigredi 52.8 na 54. Chai ya kunywa huwa na joto zaidi ya hapo.

Sina haja ya kumhukumu rubani yule, na ajali yenyewe haihitaji mkosaji ili ifundishe. Kinachonishughulisha ni ile hali ya akili ambayo kila mjenzi wa nyumbani huipitia kabla ya kufunga boneti: ameridhika, na akiulizwa kwa nini ameridhika atatoa majibu ya kweli. Rezini ni ya jina zuri. Fundi mwenzake ametumia hiyohiyo. Imeruka saa kadhaa bila tatizo. Mwaka 1877 mwanahisabati Mwingereza, W. K. Clifford, alichapisha insha kuhusu maadili ya kuamini, na alianza na mwenye meli. Meli ni kuukuu, imewahi kutengenezwa mara nyingi, na mwenyewe ana wasiwasi. Anautuliza wasiwasi huo: meli imevuka bahari mara nyingi, kuwashuku mafundi walioijenga si uungwana, na Mungu hawezi kuziacha familia hizo zote zinazohamia ng'ambo. Mwishoni anaamini kweli, kwa moyo mweupe, kwamba meli ni salama. Inazama. Clifford anasema mtu huyu ana hatia ya vifo vile, na uaminifu wa imani yake haumsaidii kitu, kwa kuwa hakuwa na haki ya kuamini hivyo kwa ushahidi aliokuwa nao. Kisha anaongeza jambo ambalo wengi hulipita haraka: hata kama meli ingefika salama, na safari nyingine nyingi baada ya hiyo, hatia ingebaki vilevile. Kufika salama ni bahati. Haki ya kuamini ilishapatikana au kukosekana kabla nanga haijang'olewa.

Hoja hii ya pili ndiyo inayomhusu mjenzi wa elbo kwa karibu, kwa sababu ushahidi anaoupenda kuliko wote ni ule wa saa zilizopita. Ndege imeruka saa 30, kwa hiyo elbo ni nzima. Lakini saa 30 hizo zinathibitisha tu kwamba katika hali zilizopatikana elbo haikufikia kiwango chake cha kulegea. Hazisemi kiwango hicho kiko wapi. Huenda zilirukwa majira ya baridi, na hewa baridi inayopita ndani ya elbo wakati injini inavuta kwa nguvu huipoza, ilhali injini iliyozimwa juani baada ya safari ndefu, bila upepo unaopita chini ya boneti, huongeza joto kuizunguka. Mtu anayehesabu saa badala ya kupima joto anafanana sana na mwenye meli aliyehesabu safari. Tena, kwa upande mmoja yuko katika hali mbaya zaidi. Meli ya Clifford ilikuwa kuukuu mbele ya macho, na mwenye meli alilazimika kuunyamazisha wasiwasi. Elbo mpya inayong'aa haimpi fundi wasiwasi wowote wa kuunyamazisha. Kwa hiyo kipimo cha Clifford, kikichukuliwa kama onyo dhidi ya kujidanganya peke yake, hakitoshi hapa. Fundi wetu hajajidanganya. Hakuulizwa tu.

Ndiyo maana ninaona wajibu wake umekaa mahali pengine: haki ya kuiamini kazi isiyoonekana ndani haianzi mpaka mwenye kazi awe ameipa nafasi halisi ya kumkatalia. Kutumia vifaa bora ni jambo jema, na umakini wa mkono ni jambo jema zaidi, lakini vyote viwili humpa fundi sababu za kutumaini na hakuna hata kimoja kinachoweza kumwambia hapana. Jaribio pekee ndilo huweza. Na uzuri wa jambo hili, usiosemwa vya kutosha, ni kwamba jaribio lenyewe si ghali. Siku anayolaza kitambaa juu ya kalibu, fundi hulaza kipande bapa pembeni, kitambaa kilekile, kikombe kilekile cha rezini, idadi ileile ya tabaka, na kukiandika tarehe kwa kalamu ya wino mzito. Kipande hicho hupita kila kinachoipata elbo: kikipashwa, vyote vimepashwa, kikikosewa, vyote vimekosewa. Baadaye hukatwa ukanda mwembamba, ukabanwa upande mmoja, ukatundikwa uzito mdogo upande wa pili, ukazamishwa kwenye sufuria ya maji yanayopashwa polepole huku kipimajoto kikiwa ndani. Ukanda unasimama, unasimama, kisha unaanza kuinama, na namba iliyo kwenye kipimajoto wakati huo haina adabu wala huruma. Maji hayapiti sentigredi 100, kwa hiyo jaribio hili halimalizi kila kitu. Halisemi lolote kuhusu petroli inavyoila rezini kwa miaka, wala kuhusu mtetemo, wala kuhusu moto unaorudi nyuma kupitia kabureta. Lakini maji ya sentigredi 60 yangetosha kuwakatalia wale waliokuwa wanasubiri 105.

Mfano mashuhuri wa sufuria hii ulitolewa hadharani Februari 1986. Siku chache kabla, tarehe 28 Januari, chombo cha anga cha Challenger kilivunjika hewani sekunde 73 baada ya kuruka na watu saba wakafa. Pete za mpira zilizoziba maungio ya roketi zake za pembeni zilikuwa zimepoteza unyumbufu kwa baridi ya asubuhi ile, na usiku wa kuamkia urushaji wahandisi wa kampuni iliyotengeneza roketi hizo walikuwa wamepinga usifanyike. Mbele ya tume ya uchunguzi, mwanafizikia Richard Feynman alikibana kipande cha mpira huo kwa kibano kidogo, akakizamisha kwenye glasi ya maji ya barafu, akakitoa na kukiachia. Hakikurudi upesi kwenye umbo lake. Wengi husimulia tukio hilo kama ushindi wa akili ya mtu mmoja. Mimi naliona kama aibu ya hesabu: jaribio lililohitaji glasi na barafu lilifanywa mbele ya kamera baada ya vifo, na NASA, taasisi yenye maabara zisizo na idadi, ilikuwa imeliacha swali lijibiwe na historia ya safari zilizorudi salama.

Hapa kuna pingamizi ambalo wajenzi wa nyumbani hulitoa kwa haki. Kama NASA, yenye wahandisi wake wote, iliangukia shimo la mwenye meli, kwa nini wao ndio wahubiriwe? Cheti cha kiwanda hakimzuii mtu kufa. Ni kweli, na jibu langu ni kwamba pingamizi hili linaiunga mkono hoja badala ya kuivunja. Ukubwa wa taasisi hauongezi haki ya kuamini hata kidogo. Unaongeza tu idadi ya watu wanaodhani mwingine ameshauliza. Cheti kina thamani pale tu kinapokuwa rekodi ya majaribio ambayo kitu kingeweza kushindwa, na ndiyo maana fundi wa gereji aliyezamisha ukanda wake kwenye sufuria ana haki zaidi ya kuiamini elbo yake kuliko mnunuzi wa elbo ya kiwandani asiyejua ilijaribiwaje. Sisemi ana elbo bora. Huenda ya kiwandani ni bora mara kumi. Nasema nani ana haki ya kusema anajua.

Pingamizi la pili ni la William James, aliyemjibu Clifford mwaka 1896. James aliona kwamba mtu anayesubiri ushahidi wa kutosha kabla ya kuamini lolote atakosa kweli nyingi ambazo hupatikana tu kwa kuthubutu kwanza. Katika maandishi yake mengine alitoa mfano wa mpanda mlima aliyefika mahali ambapo hakuna njia ila kuruka ufa: akijiamini, miguu yake itamtii, akisita, ataanguka. Kuna imani zinazosaidia kuleta ukweli wake. Usafiri wa anga wenyewe, mtu atasema, ni mtoto wa James. Kama ndugu wawili wa Dayton wangesubiri uthibitisho, tungekuwa bado ardhini. Hoja hii inavutia mpaka uitazame kazi ya ndugu hao. Wright walipoona ndege zao zisizo na injini hazibebi uzito walioutarajia, hawakuongeza imani. Mwishoni mwa mwaka 1901 walijenga sanduku la kupuliza upepo na kupima ndani yake takriban maumbo 200 ya bawa, kwa sababu majedwali waliyokuwa wakiyategemea hayakuwapa matokeo waliyoyaona. Injini yao, iliyotengenezwa na Charlie Taylor kwenye karakana ya baiskeli, haikuwa na kabureta kwa maana tunayoijua: petroli ilidondoka kwenye chombo kifupi juu ya injini, ikageuka mvuke kwa joto na kuchanganyika na hewa iliyokuwa ikivutwa. Njia ya hewa ya kujitengenezea, ya kwanza kabisa kuibeba ndege iliyoendeshwa na rubani. Februari 1903 injini hiyo ilivunjika ikiwa inajaribiwa, bado iko Dayton, bado iko chini. Wakasubisha nyingine. Ilivunjika mahali palipostahili, mbele ya mtu aliyesimama karibu yake kwa miguu miwili.

Na hapo ndipo mpanda mlima wa James anapoachana nasi. Miguu husikia imani ya mwenye miguu. Rezini haisikii. Hakuna kiasi cha kujiamini ambacho kitapandisha kiwango chake cha kulegea. Kinachoweza ni tanuri na saa kadhaa. James mwenyewe, tukimsoma kwa uadilifu, alitoa ruhusa yake kwa maswali ambayo akili haiwezi kuyaamua kwa ushahidi. Swali la elbo si la aina hiyo. Linaamuliwa kwa sufuria.

Pingamizi zito zaidi, kwa msomaji wa kwetu hasa, ni la kidini. Ajali huandikwa. Siku ya mtu ikifika, elbo ya dhahabu haitamwokoa, na isipofika ataokoka kama yule wa Gloucestershire; je, huku kupima kila kitu si kumwekea Mungu mashaka? Watu wanaosema hivi hawasemi upuuzi, na si haki kuwajibu kwa kejeli. Lakini mapokeo ya dini zenyewe yanaelekea upande mwingine. Hadithi mashuhuri iliyopokewa na Tirmidhi inamhusu mtu aliyemuuliza Mtume kama amfunge ngamia wake na kutegemea, au amwache na kutegemea, na jibu lilikuwa kufunga kwanza. Tegemeo linakuja baada ya kamba. Halichukui nafasi ya kamba. Mwenye meli wa Clifford naye alikuwa mcha Mungu kwa maana ile mbaya: alimkabidhi Mwenyezi kazi ambayo ilikuwa ya fundi wa meli. Kumtegemea Mungu kwa lile usiloliweza ni ibada. Kumtegemea kwa lile uliloweza kulijua kwa sufuria ya maji ni kumtupia Yeye uvivu wako, na dhambi hiyo haibadiliki jina kwa kuwa imesemwa kwa unyenyekevu.

Torati inakwenda mbali zaidi, kwa kuwa inagusa ujuzi moja kwa moja. Sura ya 21 ya Kutoka inazungumzia ng'ombe aliyemuua mtu kwa pembe. Ng'ombe anauawa na mwenyewe hana hatia. Lakini kama ng'ombe huyo alikuwa na desturi ya kupiga pembe, mwenyewe akaonywa na hakumzuia, hatia inakuwa yake, na ni hatia ya damu. Hukumu yote inageuka juu ya neno moja: alionywa? Ni mgawanyo wa haki kabisa kwa ulimwengu wa ng'ombe, kwa sababu ng'ombe mkali hujitangaza. Majirani humwona, watoto humkimbia. Vitu vyetu vya rezini na plastiki havijitangazi. Elbo haitampiga mtu pembe kidogo Jumatatu ili aonywe kwa ajili ya Jumatano. Basi, tukiitumia sheria ile kwa herufi, kila fundi wa vitu visivyoonekana angekuwa huru daima, kwa kuwa hakuna aliyemwonya. Nadhani roho ya sheria inadai kinyume. Pale ambapo kitu hakiwezi kuonya chenyewe, kazi ya kuonya inarudi kwa aliyekitengeneza, na hana njia ya kuifanya ila kukilazimisha kiseme. Kuna hadithi nyingine, iliyopokewa na Abu Daud, inayomwajibisha mtu aliyejitia tabibu bila kujulikana kwa tiba: akidhuru, atalipa. Wanazuoni walioijadili hawakumnyima mtu kujifunza. Walichokataa ni kwamba nia njema ya asiyejua iwe kinga yake mbele ya aliyeumia. Mjenzi wa ridhaa ni wa kundi hilohilo, na haimpunguzii heshima kuambiwa hivyo.

Anabaki yule anayesema: roho ni yangu, ndege ni yangu, naruka peke yangu. Nimemwacha mwishoni kwa kuwa jibu lake ni fupi. Chini ya ndege kuna barabara na nyumba, na mbele yake kuna mitambo inayotumiwa na ndege nyingine, kama Gloucestershire ilivyoonyesha. Zaidi ya hayo, ndege huishi kuliko hamu ya aliyeijenga. Huuzwa. Kwa sheria za Marekani mjenzi mkuu anaweza kupewa cheti cha kuikagua ndege yake mwenyewe kila mwaka. Mnunuzi hapewi cheti hicho kwa kununua, na kwa mantiki nzuri, kwa sababu alichonunua ni vitu na si kumbukumbu ya namna vilivyofanyika. Daftari la ndege litamwambia injini imefanya saa ngapi. Litamwambia lini mafuta yalibadilishwa. Mara nyingi halitamwambia ni rezini gani imo ndani ya elbo, ilipashwa au haikupashwa, na ilianza kuinama kwenye joto gani, kwa sababu aliyejua, kama alijua, aliona ni jambo dogo la kuandika.

Upungufu huo unamhusu zaidi anayeuza sehemu moja moja kuliko anayeuza ndege nzima. Mtu aliyejitengenezea elbo anaweza kusema anaujua mkono wake. Anayeiweka mezani kwenye maonyesho, na bei pembeni, anamwomba mgeni arithi imani ambayo mgeni huyo hakushuhudia ikizaliwa, na kitu pekee kinachosafiri na elbo ni jina la malighafi. Jina ni maneno ya mtu, hata lisemwe kwa uaminifu mtupu. Msokoto wa plastiki unaweza kuuzwa kwa jina lisilo lake kabla haujafika kwenye printa, na kila mtu katika mnyororo akawa mkweli kwa kadiri ya alivyoambiwa. Mamlaka za anga zinaweza kutoa onyo baada ya ajali, lakini haziwezi kukaa kwenye kila meza. Muuzaji anaweza kufanya jambo moja lisilomgharimu hata shilingi mia: kuchapisha ukanda wa sentimita kumi kwa printa ileile, msokoto uleule, siku ileile, na kuutia kwenye mfuko mmoja na elbo, ili mnunuzi awe na kitu cha kuzamisha kwenye maji ya moto akifika nyumbani, kabla hajaigusa boneti.